Mshono wa Bega la Ulrich

Katika mji wa Altenrain, mwanamume akitaka kubeba gogo la nta ni lazima kwanza akaguliwe chupi. Si utani. Kila baada ya miaka minne, wanaume arobaini hulibeba begani gogo la msonobari lililozungushiwa nta kutoka juu hadi chini, wakalipandisha kutoka mtoni mpaka kanisani kule mlimani, kushukuru kwamba tauni ya mwaka 1486 iliuachia mji watu wa kutosha kuwazika waliokufa. Na kwa kuwa shukrani ni ya mwaka huo, mavazi nayo ni ya mwaka huo, hadi yale yanayogusa ngozi. Kisichoonekana kwenye picha ya enzi hizo hakivaliwi. Aliyeitunga sheria hiyo, na kusimama mlangoni kuisimamia kwa miaka thelathini na sita, ni fundi mshonaji Afra Kögel, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuwatazamia wanaume.

Ukaguzi wake ulikuwa maarufu. Mwaka wa kisa hiki Vinzenz, mwalimu wa hesabu, alikuwa anabeba kwa mara ya pili, na alidhani amekwisha kuwa mwenyeji.

"Vinzenz, hicho kiunoni ni nini?"

"Lastiki, Mama Afra. Nyembamba tu, haionekani."

"Mwaka 1486 mpira ulikuwa wapi?"

"Amerika, nadhani."

"Basi nenda kaisubiri Amerika hapo nje igunduliwe. Ikikawia, ufunge kamba kama wenzako."

Kamba zenyewe hakuzitoa kichwani. Chupi ya Altenrain ilitokana na picha kubwa ya madhabahuni, ambapo wanyang'anyi wawili wametundikwa kushoto na kulia kwa Yesu, nao hawakuvaa kitu kingine. Afra alipanda ngazi ya mtunza kanisa akiwa na kioo cha kukuzia, na ilimchukua majira mawili ya baridi kuielewa chupi ya mnyang'anyi wa kushoto: kitambaa kimoja mbele, kimoja nyuma, kimefungwa ubavuni kwa fundo. Padri wa wakati ule alimuuliza kama hakuna sehemu nyingine ya picha inayomgusa moyo. Afra alimjibu kwamba akimaliza huko chini atapanda juu.

Shati ndilo lililompa jina. Shati lilitokana na picha ya Ulrich Wachsmann, mfanyabiashara wa nta aliyetoa gogo la kwanza na kulibeba mwenyewe. Mchoraji alimchora akiwa amelegeza koti lake upande wa kushoto, ili watu waone shati juu ya bega lililobeba. Na juu ya bega hilo, toka shingoni mpaka mwanzo wa mkono, palikuwa na mstari mwembamba, mweusi kidogo, uliotuna. Afra aliuona akiwa na miaka thelathini na minne. Akaandika katika daftari: mshono mnene, umekunjwa mara mbili, uzi umepakwa nta. Basi mashati yote arobaini yakashonwa hivyo.

Profesa mmoja wa mbali alimwandikia kumkosoa. Alisema mashati ya enzi zile yalikatwa kwenye kitambaa kimoja kilichokunjwa mabegani, hivyo pale pasingeweza kuwa na mshono. Afra alijibu kwa mstari mmoja: "Bwana, wewe una vitabu, mimi nina Ulrich." Barua ile ilisomwa baa kwa sauti, watu wakagonga meza, na tangu siku hiyo neno lake kuhusu nguo za ndani likawa halina rufaa.

Shida ni kwamba mshono ule ulikuwa unang'ata. Gogo lina uzito wake, mlima una urefu wake, na katikati ya gogo na nyama ya mtu kuna ule ukingo wa kitani uliokakamaa kwa nta. Alama iliyobaki begani wanaume waliiita "muhuri". Vijana waliusubiri kwa hamu, wazee waliusimulia, na asiyekuwa nao hakuhesabiwa kuwa amebeba. Korbinian, mume wa Afra, fundi wa mapaa, alibeba mara nane. Kabla ya ile mara ya kwanza, walipokuwa wakijaribu shati nyumbani, aliupapasa mshono kwa kidole gumba akasema, "Afra, hiki hakiwezi kulala kidogo?" Naye akamjibu, "Ulrich alivumilia." Hakuuliza tena. Alifariki msimu wa baridi uliopita, na alizikwa akiwa na alama begani, mstari wa waridi wenye kona ndogo karibu na shingo.

Mwaka huo huo picha ya Ulrich ilipelekwa Munich kusafishwa, kwa sababu vanishi ya zamani ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Siku kumi na moja kabla ya sikukuu, Alhamisi mchana, Mechthild Sauter, aliyeisafisha, alipanda ngazi za chumba cha kushonea juu ya stesheni ya zamani ya zimamoto. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye kucha fupi na bahasha kubwa kwapani.

"Mama Kögel, naomba ukae kwanza."

"Nimekaa tangu saa mbili asubuhi, binti. Sema."

Mechthild akaweka picha mezani. Ulrich alikuwa amependeza, mashavu yamepata damu, na shati lake, lililokuwa la kahawia miaka yote, limekuwa jeupe la kweli. Kitani kiliteremka kutoka shingoni hadi mkononi, laini, bila mstari wowote.

"Umeufuta," Afra alisema. Alisimama. "Umesugua mpaka ukafuta mshono! Nilijua. Niliwaambia kwenye baraza la mji, msimpeleke Munich, huko watamharibu!"

"Sikuufuta," Mechthild alisema, bila kupandisha sauti. "Niliung'oa."

Akatoa kioo kidogo, kipana kama sarafu, na kingine kikiwa kimefunikwa juu yake. Katikati palikuwa na unywele mweusi.

"Ni wa brashi," alisema. "Picha ilipakwa vanishi upya miaka mia tatu baada ya Ulrich kufa. Aliyepaka alikuwa na brashi mbovu, ikanyonyoka. Ama hakuona, ama aliona akawa na haraka. Unywele ukaganda ndani ya vanishi, ukashika vumbi pembeni, ukatuna. Chini yake rangi ni nzima, mama. Nimeangalia kwa darubini siku tatu. Mchoraji wa Ulrich hakuchora kitu pale."

Afra akatwaa kioo chake cha kukuzia. Hakuhitaji kukishika muda mrefu. Unywele ule ulikuwa umenyooka, kisha karibu na ncha moja ukajikunja kidogo, na yeye aliujua mkunjo huo kuliko alivyoujua mstari wa kiganja chake. Ilikuwa ile kona ndogo karibu na shingo. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa akiifuata kwa mkasi, shati baada ya shati, akiwagombeza wasaidizi wake kwamba kona hiyo ndiyo siri yote.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Ripoti yangu itafika barazani baada ya sikukuu. Sikutaka uisome kwenye karatasi mbele ya watu."

"Umesafiri saa mbili kwa treni kuja kuniambia nimekosea?"

Mechthild akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nilipokuwa mwanafunzi, barua yako kwa yule profesa ilibandikwa ukutani kwetu."

"Ili mnichekelee."

"Mwanzoni, ndiyo. Lakini kulikuwa na ukurasa wa pili wa daftari lako ambao mtu aliunakili, ule wa marinda ya shingo. Profesa alisema ni marinda ishirini na nne. Wewe ulisema thelathini na moja, na vanishi ile ilikuwa nene kama matope. Juzi nimeyahesabu yakiwa safi. Ni thelathini na moja, Mama Kögel. Kila rinda ulilipata. Kwa hiyo nimekuja mwenyewe. Na ukitaka kusubiri mpaka sikukuu ipite, mimi sitafungua mdomo."

Alipoondoka, aliacha kioo kile mezani. Afra alimsindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo huwa halifanyi kwa mtu yeyote, akamshika mkono na kumshukuru. Alimaanisha. Mtu anayekuletea aibu yako kwa mikono miwili, polepole, ili isimwagike njiani, ni mtu wa kushukuriwa.

Kisha akarudi akakaa, na hapo ndipo ilipomuuma. Kujua kwamba profesa alikuwa sahihi kulimuuma, ndiyo, kama jino. Kujua kwamba baraza litamwondoa kwenye chumba cha kushonea kulimtia hofu, maana nyumbani hapakuwa na mtu tena na chumba hiki ndicho kilichokuwa kimembakia. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa bega la Korbinian. Alimuomba kitu kimoja. Mwanamume ambaye katika ndoa ya miaka arobaini na mitatu hakuomba hata chumvi, akanyanyuka kuifuata mwenyewe, alimuomba kitu kimoja, naye akamkatalia kwa ajili ya unywele wa brashi. Mara nane alichubuka kwa ajili hiyo. Ungekuwa mshono wa kweli, angalau angekuwa ameumia pamoja na Ulrich.

Angeweza kunyamaza. Saa kumi wabebaji wangekuja kutoka mazoezini kukaguliwa kama mashati yamepasuka, angetia viraka, angewaaga, na siku kumi na moja zingepita. Alikifungia kioo kile kwenye droo ya vifungo. Akakitoa tena. Akakirudisha. Saa kumi kasoro alisikia buti arobaini mara mbili zikipanda ngazi, na kabla hajaamua, mkono wake ulikuwa umekwisha kukitoa.

Waliingia wakinuka jasho na bia, gogo limewatesa kuanzia saa saba. Mbele alikuwa Quirin Hösle, mwenye bucha, nahodha wa wabebaji na rafiki wa Korbinian tangu shule ya msingi.

"Shemeji, tupo! Hakuna aliyekufa, ila Vinzenz alijaribu."

"Nilijikwaa tu," Vinzenz akasema.

"Alijikwaa kwenye tambarare. Mwalimu wa hesabu, na hajui kuhesabu hatua!"

Wakacheka. Afra akapanda kwenye kigoda anachotumia kupimia pindo, na kicheko kikafa chenyewe. Aliwaambia yote, bila kuremba. Picha imesafishwa, mshono haupo, haukuwahi kuwapo. Akampa Quirin kile kioo. Quirin akakiinua dirishani.

"Huyu ni nguruwe," alisema. "Unywele wa mgongoni. Nguruwe mzee huyu, tena wa porini." Alitazama pembeni ili mtu acheke. Hakucheka mtu. Kioo kikapita mkono kwa mkono hadi nyuma ya chumba.

"Nimewaumiza," Afra alisema. "Nimewatoboa mabega miaka thelathini na sita kwa ajili ya hicho. Niliambiwa na watu wanaojua, nikawatukana. Mashati haya nitayaacha, na chumba hiki nitakiacha mkitaka. Lakini kwanza vueni. Nataka kuona kwa macho yangu nilichowafanyia."

Hakuvua mtu.

"Si lazima, Mama Afra," sauti ya nyuma ikasema.

"Halafu kuna kibaridi," ikasema nyingine.

"Julai hii?" Afra akashuka kwenye kigoda. "Vinzenz. Vua."

Vinzenz alimtazama Quirin. Quirin alitazama dari. Afra alikuwa amekwisha kufungua kamba ya shingo, akalivuta shati juu ya kichwa cha mwalimu kama anavyovuliwa mtoto anayekataa kuoga, na kitu kikaanguka sakafuni, pu. Afra akainama kukiokota. Ilikuwa soli ya ndani ya buti, ya sufu nzito ya kijivu, ile inayouzwa sokoni msimu wa theluji, na kisiginoni imechapwa namba 44.

Akalitazama bega la Vinzenz. Lilikuwa jeupe, nono, halina hata mkwaruzo.

"Wote," alisema.

Mashati yakavuliwa, na soli zikaanza kudondoka, pu, pu, pu, mpaka sakafu ikaonekana kama duka la viatu lililovamiwa. Mabega arobaini. Hakuna alama.

"Quirin. Hii iko kwenye picha gani?"

"Haipo, shemeji."

"Tangu lini?"

"Tangu sikukuu ya pili. Ukishatukagua, tunapita nyuma ya stoo pale mtoni, kila mtu anaweka yake."

"Miaka thelathini na miwili! Na muhuri? Ule mnaoonyeshana baa?"

Quirin alijikuna shingo. "Tunajisugua kidogo na kitambaa cha jikoni kabla ya kuingia."

Afra alitafuta hasira na hakuipata. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungekuwa wewe, ungesema?" Quirin alisema, na sasa hakuwa anatania. "Usiku na mchana unatushonea, arobaini, kwa mkono, hujawahi kutuomba kitu. Mji mzima haukuwa na mtu mwingine wa kutufanya tujione tumefanana na wale waliobeba gogo la kwanza. Ningekuja nikwambie shati linaniwasha? Tulisema heri tubebe soli. Tulikuwa tunakushukuru hivyo, shemeji. Ndivyo tulivyojua."

Wanaume arobaini vifua wazi wakaafiki kwa vichwa, wameinamisha macho. Afra ilibidi avue miwani. Lakini kuna jambo lilibaki limemkwama, na alilisema akiwa ameishika ile soli kwa mikono miwili.

"Korbinian nililiona bega lake. Lilikuwa linachubuka kweli, kila mara. Mbona yeye hamkumpa?"

Quirin akaweka shati lake mezani.

"Tulimpa. Kila sikukuu nilimwekea mkononi, na kila sikukuu alinirudishia."

"Kwa ajili ya sheria yangu."

"Sheria gani!" Quirin alitikisa kichwa. "Nilimwambia, wewe fala, mkeo hawezi kujua. Akasema, 'Nikiweka soli, jioni Afra atanipaka nini?'"

Afra alikumbuka. Ile jioni ya kwanza kabisa Korbinian aliporudi kutoka mlimani, shati limegandana na ngozi, alikuwa amemkalisha jikoni kwenye kiti kilichogeuzwa, akampaka mafuta ya bata bukini huku akimgombeza kwa kuwa na ngozi ya kike. Alimpaka kesho yake, na keshokutwa. Siku kumi. Siku ya nne kidonda huwa kimekwisha kukauka, na yeye Afra alijua kimekauka, lakini Korbinian alikuwa akisema, "Bado, hapo chini kidogo," akafumba macho, naye akaendelea. Sikukuu nane, siku kumi kumi. Katika maisha yao yote hizo ndizo zilikuwa jioni pekee ambazo mikono yake haikushika sindano. Wala Korbinian hakuwa mtu wa kusema, njoo ukae karibu yangu. Alikuwa mtu wa kubeba gogo.

Alikaa chini pale pale juu ya kigoda na kulia mbele yao, na katikati ya kulia akaanza kucheka, kwa sababu ilimjia kwamba jioni themanini za ndoa yake alipewa na yule mzembe aliyepaka vanishi, pamoja na nguruwe wake. Aliwashukuru hao wote wawili kwa sauti. Akamshukuru Quirin kwa kuitunza sentensi ile, akawashukuru wengine kwa soli zao, kila mtu na saizi yake. Baadhi yao walikuwa wanajifuta pua kwa mikono ya mashati ya mwaka 1486.

"Siku kumi na moja," Quirin alisema hatimaye, akikohoa. "Kitambaa kimoja, kimekunjwa begani, hakuna kukata. Inawezekana?"

"Kitani kipo cha mashati sita. Na mikono yangu si ile ya zamani."

"Sandukuni kwa mama kuna shuka za kitani za harusi yake, hazijalaliwa hata siku moja. Kila nyumba ya mji huu inazo. Na mikono ipo themanini hapa. Utatufundisha."

"Wewe, Quirin? Na vidole hivyo?"

"Nafunga soseji tangu nina miaka kumi na nne. Rinda litanishinda?"

Walianza kukusanya soli zao, wakisukumana, wakibishana nani ni 43 na nani ni 44. Afra alishuka na mkasi kwenda kwenye meza ya kukatia. Vinzenz alimfuata, bado kifua wazi, akimnong'oneza ili wenzake wasisikie.

"Mama Afra, samahani. Mimi nimeoa Mei hii. Shati langu... unaweza kuliacha na mshono?"

Afra alimtazama kwa muda mrefu, kwa miwani zote mbili.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Mwombe tu akupake. Usisubiri uchubuke."